Tangazo la Pili

Nawasalimu wote, wa kanisani kwa salamu yenu na wa msikitini kwa salamu yenu. Wazee wangu, shikamooni. Na kama kuna ambaye hajasalimiwa Kisukuma tangu asubuhi, mwangaluka. Mwenyekiti, naomba niseme nikiwa nimekaa. Magoti yangu siku hizi yananigomea, na habari yenyewe ni ndefu.

Sikuomba kusema leo, mnajua wenyewe. Kwenye kikao kilichopita mlinipendekeza niwe mmoja wa washika funguo wa sanduku letu la akiba. Nikakubali, nikarudi nyumbani nimefurahi mpaka mama watoto akaniuliza nimekunywa nini. Kabla sijamaliza kula, ikapita picha kwenye kundi letu la simu. Ilikuwa picha ya ukurasa wa gazeti la zamani, umekunjika, jina langu limo kwa herufi kubwa, majina yote matatu, na pembeni yake neno muflisi. Chini ya picha mmoja wetu ameandika, jamani, huyu si ndiye tunayempa ufunguo?

Ndiye. Ni mimi. Aliyetuma yupo humu ndani, sitamtaja, na simlaumu. Aliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akiba yake humo sandukuni angeuliza. Ila nimechoka, ndugu zangu. Nimechoka kulijibu hilo swali vipande vipande, kwenye kona ya duka, kwenye foleni ya zahanati, msibani. Leo nalijibu lote, mara moja, halafu mtaamua.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Muflisi wa mtaani ni mtu asiye na hela, na huyo yuko kila nyumba. Muflisi wa mahakamani ni kitu kingine. Ni mtu ambaye mahakama imekaa ikaona hawezi kulipa madeni yake, ikachukua mali yake ikampa afisa wa serikali aiuze na kuwagawia wanaomdai. Kisha jina lake linatangazwa, kwenye Gazeti la Serikali na kwenye gazeti hili la kawaida la mtaani, ili asije akamkopa mtu mwingine asiyejua. Na sisemi sheria hiyo ni mbaya. Ningekuwa mimi ndiye ninayedai, ningeipenda sana.

Niliingiaje huko? Wengi mnakumbuka nilikuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, huko machimboni upande wa Kahama. Ilinilisha vizuri. Kosa langu lilikuwa kutotosheka na kusaga mawe ya wenzangu. Nikaanza kufadhili duara, yaani shimo la wachimbaji. Mfadhili analeta chakula, analeta dizeli ya pampu, analeta matimba, zile mbao za kushikilia kuta zisianguke, na dhahabu ikitoka anapata mgao wake. Msimamizi wa duara alikuwa ananipigia simu kila jioni. Mwamba unasoma, mzee, ananiambia. Wachimbaji wakisema mwamba unasoma, maana yake jiwe likipimwa linaonyesha dhahabu. Na sikudanganywa, ulisoma kweli. Ulisoma wiki nzima, halafu maji yakaingia.

Hapo mtu mwenye akili anafunga mfuko wake. Mimi nikaongeza pampu. Nilichukua mbao na dizeli kwa mali kauli kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Kahama, mtu mstaarabu, aliyenipa mzigo kwa neno langu tu. Nikawa namwambia kesho. Tunaofadhili maduara tunaishi kwenye hiyo kesho, na wengine humu mnacheka kwa sababu mnaijua. Duara likajaa, wachimbaji wakahamia kwenye machimbo mengine, na mimi nikabaki na deni la mbao ambazo ziko chini ya maji mpaka leo.

Alinishitaki, akashinda, sikulipa. Akaenda tena mahakamani Shinyanga, safari hii kuomba nitangazwe muflisi. Mtu mwingine niliyekuwa namdai hela ya kusaga aliniambia nisiende, nijifiche Geita, kule hakuna anayemjua mtu. Nilienda mahakamani. Nilisimamishwa mbele ya watu wasionijua nikaulizwa nilikula nini, nilinunua nini, gari liko wapi, kiwanja kiko wapi. Kila jibu likaandikwa. Nilivumilia, maana nilijua karasha na kiwanja vitauzwa, na nilikuwa nimeshaviaga moyoni.

Sasa naomba mnisikilize hapa, maana ndipo palipo na jiwe langu.

Nina dada yangu, mkubwa kwangu, anaishi Nkome. Ni mjane. Anaanika dagaa pale mwaloni, kando ya ziwa, anauza kwa magunia. Mumewe alipofariki, shemeji zake walikomba kila kitu, mpaka kitanda. Hela ya dagaa aliyoipata baada ya hapo hakununua hata bati. Alinunua ng'ombe, mmoja mmoja, akaniletea mimi niwafuge kwenye zizi langu, shemeji zake wasijue. Ndiyo ilikuwa ada ya watoto wake. Nyie wafugaji mnajua tunavyofanya. Zizi la mtu lina ng'ombe wa mjomba, wa shangazi, wa rafiki, na mgeni akiuliza ni wa nani haambiwi. Na hawahesabiwi kwa sauti. Mtoto anayewahesabu kwa kidole anapigwa kofi. Tumelelewa hivyo na hatuoni ajabu.

Yule afisa alikuja na mtendaji wa kijiji, akasimama mlangoni pa zizi na kalamu yake. Akaniuliza kama ng'ombe wote ni wangu. Jamani, mimi nilikuwa na nafasi pale ya kusema hapana, wale wenye alama hii ni wa dada. Ilikuwa ni sentensi moja. Lakini nikawaza, nikisema itaandikwa, ikiandikwa itatangazwa, ikitangazwa shemeji zake watasoma, watakuja na gari la kubebea mifugo. Na tena nilijidanganya kwamba ng'ombe hawatafikiwa, karasha litatosha. Nikasema ndiyo, ni wangu. Mahakamani nikaulizwa tena, nimeapa, nikasema ndiyo.

Karasha halikutosha. Liliuzwa kama chuma chakavu. Ng'ombe waliuzwa mnadani, wote, wa kwangu na wa dada, na mimi nimesimama upande wa pili wa uzio nimeshika fimbo ambayo haikuwa na kazi tena.

Nilienda Nkome mwenyewe kumwambia. Nilimkuta anageuza dagaa juani. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akaendelea kugeuza. Nikamweleza yote, kwamba nilinyamaza kwa ajili yake, kwamba niliogopa shemeji zake wangesoma kwenye gazeti. Hakulia wala hakunitukana. Alimaliza chanja moja ya kuanikia, akanyoosha mgongo, akanitazama.

"Ungeniuliza," akasema.

Basi. Akahamia chanja ya pili. Nilisubiri mpaka nikaona aibu kusubiri, nikapanda gari nikarudi. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu. Mtoto wake wa kwanza aliacha shule mwaka ule ule. Nawaambia ukweli, kupoteza karasha hakukuwahi kuniamsha usingizini. Hilo neno moja ndilo lililoniamsha.

Sasa ile habari ya jina kutangazwa. Watu wanadhani tangazo linauma siku linapotoka. Siku lilipotoka hakuna aliyelisoma, maana huku kwetu nani ananunua gazeti? Liliuma baadaye, kidogo kidogo. Nakumbuka kampuni moja ya kuchenjua dhahabu ilitaka kunipa kazi ya kusimamia mtambo, wakaniambia nianze Jumatatu, na Jumapili wakaniambia wamepata mtu mwingine. Kuna aliyenong'ona. Nilitaka kugombea uenyekiti wa kitongoji, nikaambiwa nitulie, jina langu lina doa. Kijana wangu alipokwenda kuposa, upande wa binti walimtuma mtu Kagongwa kwa jamaa zetu kuulizia ukoo wetu, akarudi na jibu moja tu. Posa ilichelewa mpaka nikaacha kuuliza. Na sheria inasema muflisi akitaka kukopa kiasi kikubwa lazima kwanza aseme kwamba ni muflisi. Fikirieni hiyo. Unaingia kwenye ofisi ya mtu, unavua kofia, na kabla hujaomba unajitangaza. Nikaacha kuomba. Watoto wa mtaa walikuwa wananiita Baba Muflisi bila ubaya wowote, wakidhani ni jina la mwanangu.

Mimi nilikaa nikingoja liishe. Hilo ndilo kosa ambalo naomba kila mmoja wenu alibebe aende nalo nyumbani. Nilidhani tangazo la mahakama ni sawa na yale makaratasi ya kwenye ubao wa kata, mvua inanyesha, yanachakaa, yanabanduka. Nilikuwa najiambia mwaka huu watakuwa wamesahau. Miaka ikapita, nami nimekaa kimya kama ng'ombe wa kwenye tope.

Ikatokea nikaenda Kahama kumsindikiza jirani yangu kwenye shauri la shamba. Alikuwa na msaidizi wa kisheria, binti mmoja mpole anayesaidia watu wasio na uwezo wa wakili. Walipomaliza yao, jirani akanisukuma mbele, akasema na huyu ana lake. Nikaeleza kwa kifupi, maana nilishachoka kueleza. Yule binti akaniuliza, "Baba, uliomba kuondolewa?" Nikamuuliza kuondolewa wapi. Ndipo akanieleza kwamba jambo hilo haliishi lenyewe. Muflisi anatakiwa arudi mahakama ile ile aombe kuondolewa katika ufilisi, afisa anatoa taarifa jinsi alivyoenenda, wanaomdai wanapewa taarifa waje wapinge kama wanapinga, na jaji anaamua. Usipoomba, unabaki hivyo mpaka kaburini. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi. Sikujua nicheke au nilie, na nilikuwa sina nguvu ya kufanya lolote kati ya hayo.

Alinisaidia kuandika maombi. Lakini kwanza tulikwenda Shinyanga kulitazama jalada, kwa sababu kumbukumbu zile si siri, mtu akilipa ada ndogo anaruhusiwa kusoma. Mtu yeyote. Hata wewe, ndugu yangu uliyetuma picha, ungeweza kwenda. Nikafunguliwa jalada. Nikajisoma mwenyewe, ni jambo la ajabu sana kujisoma. Kila kitu kilikuwa sawa, deni sawa, kiwanja sawa. Kisha nikafika kwenye mifugo. Pameandikwa mali ya muflisi, na chini yake, jike mweusi mwenye baka jeupe ubavuni. Jike wa kijivu, pembe moja imepinda. Nikawatambua mmoja mmoja. Dada yangu alikuwa amewanunua kwa dagaa, na hapa serikali nzima ilikuwa imeandika kwamba ni wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyesema.

Nikamwambia yule binti sitaki kuondolewa mpaka hili lirekebishwe. Akanionya. Alisema ukikiri kwamba uliapa uongo, jaji anaweza kukukatalia kabisa, na hata kushitakiwa unaweza kushitakiwa. Nilikuwa nalipata jina langu na papo hapo nalihatarisha. Nikasema naelewa. Lakini nikamwambia kuna mtu lazima nimuulize kwanza, maana safari ya mwanzo sikumuuliza.

Nikaenda Nkome. Ni pale pale, chanja zile zile, yeye amezeeka na mimi nimezeeka. Shikamoo dada. Marahaba. Nikamwambia, "Nimekuja kukuuliza. Nataka niseme mahakamani kwamba wale ng'ombe walikuwa wako. Itaandikwa, na atakayetaka atasoma. Nisipopata ruhusa yako sisemi." Alikaa chini juu ya gunia. Akaniuliza nimekula. Nikasema bado. Akanipa chakula, nikala, akanipa na dagaa za kupeleka nyumbani, na jibu hakunipa. Aliniambia tu nimtajie siku ya shauri.

Siku ilipofika nilifika mapema. Yule mfanyabiashara wa Kahama alikuwepo, nywele nyeupe. Jaji alimuuliza kama anapinga. Akasema bado ananidai na hataki kujifanya vinginevyo, lakini amechoka kunichukia na angependa aanze kuchukia mtu mwingine. Watu wakacheka, hata karani. Kisha jaji akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikainuka, magoti haya haya. Sikuwa na ruhusa ya dada. Nikawa nimesimama tu, na yule binti ananivuta shati nikae.

Nikasikia mlango wa nyuma. Ni dada, alikuwa amesafiri tangu alfajiri, kitenge chake kina vumbi la njia nzima. Nikajua amekuja kunimaliza, na nawaambia ndugu zangu, nilipata nafuu. Nikasema moyoni, afadhali yeye kuliko mwingine. Akaomba kusema. Jaji akamuuliza kama na yeye ananidai.

"Mimi simdai," dada akasema. "Nataka tu iandikwe kwamba wale ng'ombe walikuwa wangu. Huyu ni mdogo wangu, alinificha kwa sababu nilimwomba anifiche. Sasa watoto wamekua. Wanaotaka kusoma, wasome."

Pale ndipo nilipolia. Mtu mzima, mbele ya jaji, nililia mpaka askari akanisogezea kiti.

Msidhani jaji alinikumbatia. Alinikaripia kwa muda mrefu, kwamba kiapo si porojo za kilabuni, kwamba ningesema ukweli siku ile ng'ombe wa mjane wangetengwa na watoto wangesoma. Yote yalikuwa kweli. Ng'ombe hawakurudi, walioliwa walishaliwa. Ila maneno ya dada yaliandikwa kwenye kumbukumbu. Akaniondoa katika ufilisi, lakini akaamuru iwe baada ya mwaka mmoja, iwe adhabu ya kile kiapo. Nikaungoja huo mwaka. Nilishakuwa fundi wa kungoja, na safari hii nilijua ninangoja nini.

Mwaka ulipokwisha likatoka tangazo la pili. Ndiyo, kuna la pili. Gazeti lile lile, majina yale yale matatu, linasema huyu ameondolewa katika ufilisi. Ni dogo, liko chini kwenye kona, juu yake kuna tangazo la gari linalouzwa. Hakuna aliyelipiga picha. Halikupita kwenye simu ya mtu. Yule wa posa halikumfika, wala yule wa kampuni. Na la kwanza halikufutwa, ndugu zangu, wala halifutwi. Atakayelitafuta atalikuta. Yote mawili yako pale, moja linasema nilianguka na jingine linasema niliinuka, ila watu wanasoma moja wanafunga.

Nakaribia kumaliza, naona mama wa pale mbele anaangalia saa. Namshukuru yule binti wa Kahama, ambaye hakuchukua hata nauli yangu. Namshukuru mzee wa mbao, ambaye ninamlipa kidogo kidogo kila nikivuna mpunga, ingawa sheria hainidai tena. Alipokea mara ya kwanza akadhani nimekosea namba. Namshukuru mke wangu, aliyeitwa Mama Muflisi kisimani na hakuwahi kuja kuniambia, nilisikia kwa wengine. Nanyi nawashukuru, kwa kunipendekeza kabla ya picha na kwa kunisikiliza baada yake. Funzo langu ni dogo. Ukiona jina la mwenzako limeandikwa mahali, usiache kulisoma, ni haki yako. Lakini soma mpaka mwisho wa jalada. Na wewe ambaye jina lako ndilo limeandikwa, usikae ukingoja mvua ilifute. Nenda.

Kuhusu ufunguo, mtaamua nikiwa nje, ndivyo utaratibu ulivyo. Nimebakiza jambo moja tu. Kwetu mtu hasimami mbele za watu akasema ng'ombe wa zizini kwake ni wa nani. Wazee mtanisamehe. Katibu, una kalamu? Kwangu kuna jike mwekundu na ndama wake. Hao ni wangu. Yule mweusi aliyeletwa mwaka jana, na wale wawili wa kijivu, ni wa dada yangu wa Nkome. Ndiye yule pale mlangoni, aliyejifunika kitenge cha bluu. Nilimuuliza kwanza, akasema niseme.

Andika.